Mtaa wa Calloway Waja Kulaki Wageni

Jumamosi ile asubuhi Odessa Pruitt alikuwa jikoni kwa binti yake Renita, mjini Lima, Ohio, akichambua sukuma. Alichambua kama alivyofundishwa utotoni: jani unalishika kwa mkono wa kushoto, uti wa katikati unauvuta kwa wa kulia, jani linabaki mbawa mbili. Uti hautupwi. Unakatwakatwa na kutangulizwa sufuriani pamoja na kongoro la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, kwa sababu uti ni mgumu na unahitaji kupewa nafasi.

Mezani, upande wa pili wa rundo la majani, wenzake walikuwa wanapanga safari. Renita alikuwa amepewa siku tatu za mapumziko kazini, shule zilikuwa zinafungwa kwa majira ya kuchipua, na tangu baba wa watoto afungashe vitu vyake aende zake hawakuwahi kulala nje ya mji wote wanne pamoja. Wangekwenda Cincinnati. Wangelala siku mbili tu na kurudi.

"Mimi uwanjani kwenye besiboli, halafu hoteli yenye bwawa la kuogelea," alisema Tavion, mwenye miaka kumi na minne na mguu uliokuwa ukitikisa meza muda wote. "Mengine pangeni ninyi."

"Wewe na bwawa wapi na wapi, hata kuoga unakumbushwa," alisema dada yake Kamaria, aliyemzidi miaka miwili. Yeye alitaka nyumba ya picha za kuchora, na mtaa mmoja wenye maduka ya nguo za mitumba ambao wenzake wa shule walikuwa wameusifia.

"Nguo za marehemu," Tavion alisema.

"Afadhali za marehemu kuliko soksi zako, ambazo zenyewe ni marehemu."

"Jamani," alisema Renita. "Siku ni moja na nusu. Asubuhi ya Jumamosi picha, mchana mpira, jioni bwawa. Mama, wewe unataka nini? Sema, usije ukaninunia garini."

Odessa hakuinua macho. "Nataka tupite Calloway. Nusu saa tu. Nikae barazani kwa mama."



"Mama," alisema Renita kwa upole. "Calloway haipo. Si waliivunja wapitishe barabara kuu, ukiwa na miaka tisa?"

"Najua haipo. Nimeomba kwenda, sikuomba iwepo."

Tavion alikwisha kushika simu. "Nyumba namba ngapi, Bibi?"

"Kumi na tisa," alisema Odessa. Hakuwa ameitamka namba hiyo kwa miaka mingi, na ilipotoka ilitoka na harufu ya wanga wa kupigia pasi mashuka, kidogo tu, kisha ikapotea katika mvuke wa kongoro.

Simu ilifikiri, ikakubali. Ilisema ni mwendo wa saa mbili kasoro, na kwamba mwisho wake mtakuwa mmefika. Tavion aliikuza picha kwa vidole viwili. Alama nyekundu ilikuwa imeanguka katikati ya barabara kuu, kwenye njia ya tatu ya magari.

"Bibi, kumbe umezaliwa njia ya tatu. Ile ya wenye haraka!"

"Haraka zote alizimaliza hukohuko," alisema Kamaria. "Ndiyo maana chakula chake huiva kesho."

Walicheka, na Odessa akacheka nao, maana lilikuwa kweli. Barabara yenyewe ilikuwa ileile iliyopita pembeni mwa Lima, nyuma ya duka la matairi. Ukiishika pale na usipinde popote, inakupeleka kusini kupitia mashamba yote ya mahindi na soya, inakuingiza mjini, na kukupitisha juu ya jiko la mama yake Odessa kwa mwendo wa maili sitini. Vibao vyake vinasema hairuhusiwi kusimama.

"Kupita tutapita, Mama, hatuna njia nyingine," alisema Renita. "Ila kusimama hatuwezi. Tukifika nitakuonyesha kwa kidole."

"Vidole ninavyo kumi," alisema Odessa, akaendelea kuchambua.

*

Asubuhi yake, walipotoka kwenda kanisani, walikuta ngazi ya mawe imesimama kwenye majani mbele ya nyumba, kati ya mti na sanduku la barua. Ilikuwa na vidato vitatu na haikupanda kwenda popote. Odessa aliizunguka mara moja. Kidato cha pili kilikuwa na ufa mwembamba uliokwenda kushoto, pale baba yake alipoangusha jiko la chuma siku walipohamia, akatukana mbele ya mchungaji.

"Ni ya kwetu," alisema.

Renita aliitazama, funguo za gari zikiwa mkononi. "Itanisumbua nikikata majani."

"Utaizunguka tu."

"Nani ameileta?" aliuliza Tavion.

"Imekuja yenyewe. Imesikia tunakwenda."

Hilo Odessa hakuhitaji kufikiri. Kwao Calloway, mgeni hakuachwa afike mlangoni peke yake. Ndugu walipokuja na treni kutoka Alabama, na mabegi yaliyofungwa kwa kamba, watu wa mtaa walikwenda kuwalaki stesheni, hata wasiohusika, hata mwenye shuka mbichi mkononi. Mtu aliyefika Calloway bila kulakiwa ilikuwa aibu ya mtaa mzima, na ilisemwa mpaka Krismasi. Sasa mtaa ulikuwa umesikia kwamba Odessa anakuja na wajukuu, ukafanya kama ulivyozoea.

"Ila mtaa umekuja mbali mno," alisema Kamaria. "Si ungetungoja njiani? Sisi tunakwenda huko, wao wanakuja huku. Tutapishana."

"Walikuwa hivyohivyo," alisema Odessa. "Wana mapenzi, lakini saa hawana."

Jumatatu ukaja mlango, pamoja na fremu yake, rangi ya kijani iliyobabuka chini pale mbwa alipokuwa akikwaruza. Ulisimama juu ya kidato cha juu, ukiwa umefungwa, na Odessa alipozungusha kitasa haukufunguka, kwa sababu ufunguo haukuja nao. Mtu wa posta aliweka barua sandukuni, akaukwepa, akaendelea. Jirani wa ng'ambo, mzee Dietsch, alivuka barabara akiwa ameshika kikombe cha kahawa, akaugonga mlango kwa kidole, akasema mbao kama hizo hazipatikani tena. Aliuliza kama unauzwa. Odessa alisema hauuzwi. Mzee Dietsch alisema angesema hivyohivyo kama ungekuwa wake.

Jumanne ilikuja kamba ya kuanikia, ikavutwa kutoka kwenye mti hadi kwenye bomba la mvua, na nyuma ya kamba akaja Bi Ardella Stokes mwenyewe, vibanio vya nguo mdomoni. Alikuwa jirani yao wa kushoto kule Calloway, alikuwa amefariki zamani, na alikuwa akifulia watu kwa malipo. Aliianika mistari miwili ya mashuka meupe kabla ya kusalimu.

"Dessa," alisema, akitoa kibanio cha mwisho. "Miguu imevimba."

"Ni umri, Bi Ardella."

"Umri nini, ni chumvi. Mama yako alikuwa hivyohivyo, kumwambia hasikii." Alimtazama Kamaria, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na simu yake. "Na huyu mwenye suruali imechanika magoti?"

"Mjukuu wangu. Ameinunua ikiwa hivyo."

"Mungu amsaidie," alisema Bi Ardella. "We binti, shika ncha ya shuka hii."

Kamaria alitaka kusema kitu, lakini shuka lilikwisha kufika mikononi. Walikunja pamoja, wakikaribiana na kuachana, wakikaribiana na kuachana, kama watu wanaocheza ngoma ya kizamani, na Bi Ardella akamsahihisha mara nyingi. Usiku ule Kamaria alilala kwenye shuka lenye wanga. Kesho yake alikwenda kukunja tena.

Jumatano alikuja kinyozi, Bwana Lucius Teague, na kiti chake kizito cha kuzunguka, bila kinyozini kwenyewe. Alimkalisha Tavion, akamfunga kitambaa shingoni, akamuuliza bibi yake ni nani na babu yake alikuwa akifanya kazi gani, kama kinyozi anavyopaswa kuuliza kabla ya kugusa kichwa cha mtu. Mstari wa mbele aliuchora kwa wembe, umenyooka kama ukingo wa meza. Vijana watatu wa shule walikuja jioni kuuliza Tavion amenyolewa wapi. Aliwaonyesha, wakapanga foleni.

Odessa aliyaangalia yote hayo kutoka barazani kwa Renita, na moyo wake ulikuwa mweupe, lakini kila jioni alibandika kahawa ya kikombe kimoja zaidi. Alikuwa akimngoja mama yake. Alipanga maneno. Alitaka kumwonyesha Renita, aliyezaliwa miaka mitatu baada ya mama huyo kufa, na aliyemjua kwa picha moja tu yenye kona iliyokatika. Alitaka wajukuu waguswe na mkono ule. Hilo ndilo alilokuwa ameliomba pale mezani aliposema nusu saa. Baraza ilikuwa njia tu ya kusema. Jua lilizama, mashuka yalianuliwa, kiti cha kinyozi kilifunikwa turubai, na kahawa ikapoa.

Alhamisi akashindwa kuvumilia. "Bi Ardella. Mama mbona haji?"

Bi Ardella alikuwa akihesabu vibanio kwenye aproni. Aliacha.

"Lutie hatoki," alisema. "Tumemwambia twende wote tukamlaki mtoto. Amesema nyumba ile alishatolewa mara moja, na mara ya pili hatoki hata akiitwa na malaika. Amekaa palepale. Magari yanapita, yeye amekaa." Kisha akasema, "Amesema mumletee kuku."

Odessa alikumbuka siku ya kutolewa. Watu wawili waliovaa kofia ngumu, wastaarabu, walisimama kwenye kidato cha kwanza na hawakupanda zaidi. Mama yake alikuwa anapiga deki. Aliwaambia wafute miguu kama wanataka kuingia, na mmoja wao akasema, mama, hakuna haja ya kupiga deki tena. Aliimaliza sakafu yote, mpaka uvunguni, ndipo akavua aproni. Baadaye walipewa vyumba viwili kwenye jengo refu ng'ambo ya mji, na lifti iliyonuka, na mama yake aliishi mle mpaka kufa bila kutundika picha hata moja ukutani. Kila aliyemuuliza kwa nini, alimwambia hajafika nyumbani bado.

*

Kuku alikaangwa Ijumaa asubuhi. Odessa alikuwa amemloweka tangu jana kwenye maziwa ya mgando yenye pilipili, akamgaragaza kwenye unga, akamkaanga kwenye sufuria nyeusi ya chuma ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuiosha. Alichemsha mayai. Alikata keki ya siagi vipande vinene, kila kimoja akakifunga kwenye karatasi ya nta.

"Sasa nipeni boksi la viatu," alisema.

"Bibi, kuna vyombo vya plastiki hapa kabati zima," alisema Tavion. "Na njiani kuna mkahawa kila ukikohoa. Kwani tunahama?"

"Safari inafungiwa kwenye boksi la viatu."

"Kwa nini?"

Odessa alifuta mikono. "Tulipokuwa tunakwenda Alabama kwa gari la baba, tulikuwa tunakula tunatembea. Njia nzima. Hatukuwa tunasimama."

"Mlikuwa na haraka?"

"Hapana, mwanangu. Hatukuwa na pa kusimama. Mikahawa ilikuwepo. Vyoo vilikuwepo. Vilikuwa vya Wazungu, havikuwa vyetu. Basi mama alikuwa anafunga kuku kwenye boksi la viatu, anakaa nalo magotini, anatugawia kwa nyuma bila kugeuka. Boksi likiisha unalitupa, huna chombo cha kuosha."

Tavion alilifunga kabati la plastiki. Nyumba nzima hata hivyo ilikuwa na boksi moja tu la viatu, na lilikuwa chini ya kitanda cha Kamaria, na kila mtu alijua lina nini: tiketi za sinema na picha za baba yake. Odessa alikuwa tayari kufungia kwenye gazeti. Kamaria aliondoka jikoni, akakaa huko kidogo, akarudi na boksi tupu, amelifuta vumbi na kulitandika kitambaa.

"Usiniulize," alimwambia mdogo wake, aliyekuwa hajafungua mdomo.

Waliondoka. Bi Ardella na Bwana Teague waliwasindikiza mpaka kona ya duka la matairi, wakawapungia mpaka gari lilipoingia barabara kuu. Walisema wao watabaki kulinda nyumba, maana watu wazima wawili wanatosha kwa mlango mmoja.

Gari lilikwenda kusini. Tavion alilala mdomo wazi. Kamaria alitazama mashamba, ambayo yalikuwa bado matope meusi. Odessa alikaa mbele kando ya Renita, boksi magotini, na mafuta yakaanza kuchora duara dogo pembeni mwa kadibodi, kama yalivyokuwa yakichora zamani. Alisimulia kidogo kidogo, bila kuulizwa. Gari la barafu lililopita asubuhi, na watoto wakiokota vipande vilivyoanguka na kuvinyonya. Samaki wa Ijumaa. Kwaya ikifanya mazoezi dirisha likiwa wazi, na Bi Ardella akiwasahihisha kutoka kwenye kamba yake. Jinsi mtu alivyoweza kulala barazani mlango wazi, na mpita njia akamfunika.

"Hujawahi kuniambia haya," alisema Renita.

"Ulikuwa unaniuliza habari za kuvunjwa tu. Za kukaa hukuniuliza."

Mji ulipoonekana, vilima na madaraja na mto ukiwaka nyuma yake, Odessa akasema, "Chukua njia ya tatu." Renita aliwasha indiketa, akaingia. Nyuma yao lori kubwa liliwakaribia. Vibao viliendelea kusema vilivyokuwa vikisema. Simu ya Tavion ikasema mbele kidogo mtakuwa mmefika, naye akaamka.

Lutie Mabry alikuwa amekaa barazani kwake katikati ya njia ya tatu, kwenye kiti cha mbao, na aproni ya maua ya bluu. Baraza ilikuwa haina ngazi, kwa sababu ngazi ilikuwa Lima. Alipoliona gari alisimama, akajipangusa mapaja, akashuka kwa kujishika, akaanza kutembea ubavuni mwa gari upande wa Odessa. Gari lilikuwa katika mwendo wa maili sitini. Yeye hakuwa na haraka. Alitembea kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka kona. Odessa alishusha kioo.

"Umenenepa," alisema mama yake. "Ashukuriwe Mungu."

"Mama, huyu ndiye Renita."

Lutie aliinama kutazama ndani. "Shika usukani kwa mikono miwili, mwanangu," alisema, na Renita, mwenye miaka arobaini na sita, akashika kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akitazama mbele. Lutie akapitisha mkono dirisha la nyuma. Alimpapasa Tavion kichwani, akafuata mstari wa nywele kwa kidole gumba. "Lucius hajasahau kazi," alisema. Akamshika Kamaria kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza huku. "Paji langu hilo. Linatoka jasho ukikasirika?"

"Ndiyo, Bibi," alisema Kamaria kwa sauti ndogo.

"Ndilo lenyewe. Haya, teremkeni, nimepiga deki. Mfute miguu."

Odessa alilikumbatia boksi. "Hatuwezi kusimama, Mama."

"Kwa nini?"

"Hairuhusiwi."

Mama yake alitembea hatua kadhaa. Lori la nyuma lilipiga honi.

"Hata sasa?" aliuliza.

"Hata sasa."

Lutie Mabry aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu akakuta haijashuka. Alinyoosha mikono, Odessa akampa boksi. Alilipima uzito, akanusa, akaridhika. Wakati huo walikuwa wamefika pale palipokuwa na kanisa, na Calloway ilikuwa ikiishia hapo, kwa hiyo alisimama. Gari halikusimama. Katika kioo cha pembeni Odessa alimwona akigeuka kurudi nyumbani na boksi kwapani, magari yakimgawanyika kushoto na kulia.

"Alikuwa na mkono wa moto," alisema Tavion baada ya muda.

*

Yaliyobaki yalikwenda kama yalivyopangwa. Picha walizitazama asubuhi, na Kamaria akasimama mbele ya moja, ya mwanamke anayeanika nguo, mpaka mlinzi akamkumbusha mstari wa sakafuni. Mpirani timu ya Tavion ilifungwa, akala soseji tatu kwa uchungu. Walikula tambi zenye nyama ya viungo na chizi mlima mzima, kama wanavyokula kule, na Odessa akasema si mbaya ila haina chumvi. Bwawa la hoteli lilikuwa dogo na lenye joto. Renita aliogelea usiku ule akicheka kama msichana, na watoto wake wakajifanya hawamjui.

Jumapili walirudi kwa upande wa pili wa barabara, na ukuta wa zege ukiwa katikati. Lutie alikuwa amesimama kwenye ukuta, boksi ameliinua juu. Tavion alitoa mkono dirishani, akalidaka katika kupita, na ilikuwa safi kuliko udakaji wowote aliouona uwanjani. Mama yake Odessa alipunga kitambaa mara moja, akabaki nyuma.

Boksi lilikuwa limepanguswa, na karatasi za nta zimekunjwa nne nne. Halikurudishwa tupu, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi tupu. Ndani yake, kwenye leso yenye harufu ya wanga, mlikuwa na ufunguo.

Nyumbani walimkuta Bi Ardella ameshaanua. Aliuliza kama walipokelewa vizuri, Odessa akasema vizuri sana, na Bi Ardella akasema basi, kulaki tumelaki, nguo za watu zinaningoja. Alikusanya kamba yake, akamkumbusha Odessa habari ya chumvi, akaondoka na Bwana Teague, wakisaidiana kukisukuma kile kiti. Ngazi na mlango waliviacha. Vilikuwa vya wenyewe.

Odessa alipanda vidato vitatu kwa kujishika bega la Kamaria. Alitia ufunguo, akazungusha, mlango ukafunguka kwa ndani.

Nyuma ya mlango hapakuwa na jiko wala sakafu. Palikuwa na njia ya tatu. Magari yalipita karibu sana, moja baada ya jingine, na upepo wake ulikuwa na harufu ya mpira na mafuta. Kila dereva alitazama mbele. Mbali kidogo, katikati ya kelele, kiti cha mbao kilionekana na kupotea, kikaonekana na kupotea.

"Yupo?" aliuliza Kamaria.

"Yupo. Ila hapana pa kukanyaga."

Odessa aligeuka, akakaa kwenye kidato cha juu, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Kamaria akakaa cha pili, juu ya ufa. Tavion akakaa chini, miguu imenyooshwa kwenye majani, na simu akaiweka mfukoni. Renita alileta kahawa, akaweka kikombe kimoja kwenye kizingiti, nyuma ya mgongo wa mama yake, akajibana naye. Mzee Dietsch aliwaona kutoka ng'ambo, akainua mkono, akaendelea kumwagilia. Walikaa hivyo nusu saa, ile iliyoombwa.

Odessa alipochukua kile kikombe cha kizingitini, kilikuwa kitupu. Aliufunga mlango taratibu, akazungusha ufunguo, akautia kwenye leso. Upande wa pili lori lilipiga honi, ndefu, kama linavyomtaka mtu apishe. Wote wanne walisimama wakasikiliza. Honi ikalia tena. Kisha likasikika likipunguza mwendo, likamzunguka aliyekaa, likaenda zake.